Wakikuacha Wote: Kumtegemea Mungu Bila Kuwachukia Watu

Katika kata ya Tindiga, kwenye tambarare za Kilosa upande wa Mikumi, urafiki hupimwa Januari na Februari. Mavuno ya mwaka uliopita yamebaki debe moja au yamekwisha kabisa, mahindi shambani bado machanga, mpunga unadai vibarua, na watoto wanarudi shule wakihitaji sare na madaftari. Mtu aliyeuza mpunga wake vizuri mwezi wa saba, akawakaribisha majirani kwa nyama na soda, sasa anapita njiani na kila anayekutana naye ana haraka. Akipiga simu, haipokelewi. Akituma ujumbe, unasomwa na haujibiwi.

Wala si njaa peke yake inayowatawanya marafiki. Yuko mjane ambaye nyumba yake ilijaa watu wiki ya msiba, na baada ya arobaini hakuna tena anayebisha hodi. Yuko kijana aliyeokoka, akaacha pombe, akawapoteza wenzake wa kilabuni kabla hajapata wenzake wa kanisani. Yuko mama aliyemdhamini shoga yake kwenye mkopo wa kausha damu; shoga akatorokea mjini, wakopeshaji wakaja kubeba godoro na sufuria za mdhamini. Wako mkulima na mfugaji waliokuwa wakisali pamoja, wakaacha kusalimiana tangu siku ng'ombe walipoingia kwenye mahindi.

Wote hawa huambiwa neno moja: mwachie Mungu. Ni neno la kweli. Lakini mara nyingi husemwa na mtu ambaye ameshashika mpini wa baiskeli yake, anataka kuondoka. Aliyeachwa hubaki na swali ambalo hakujibiwa: nikishamwachia Mungu, kesho asubuhi nifanye nini?

Nina jambo moja la kusema juu ya swali hilo. Kumtegemea Mungu hakumwondoi mtu katikati ya watu. Kunamwondolea mzigo wa kuwadai binadamu kile ambacho ni Mungu pekee awezaye kutoa, yaani kuwapo siku zote bila kuchoka na bila kukosa. Akishautua mzigo huo, anapata nguvu ya kuwapenda watu tena, kuwaomba msaada tena, na inapobidi, kuwawekea mipaka bila chuki.

Barua ya mfungwa

Fungua Waraka wa Pili wa Paulo kwa Timotheo, sura ya 4, kuanzia mstari wa 9 hadi wa 18. Usome polepole, hata mara tatu. Kwa mapokeo ya Kanisa, Paulo aliuandika akiwa kifungoni Roma, miaka ya 60 baada ya Kristo, wakati wa utawala wa Kaisari Nero, akijua kwamba hatatoka hai. Anaeleza kwamba alipofikishwa mahakamani mara ya kwanza, hakuna hata mmoja aliyesimama upande wake. Wote walimwacha. Palepale anaomba jambo hilo lisihesabiwe juu yao, na palepale anashuhudia kwamba Bwana alisimama naye akamtia nguvu.

Wahubiri wengi huishia hapo. Lakini mistari inayozunguka maneno hayo imejaa majina ya watu, safari, nguo na vitabu. Mtu yuleyule anayesema Bwana alisimama naye anamwomba Timotheo afanye hima kuja, amlete Marko, achukue joho lililoachwa Troa kwa Karpo, pamoja na vitabu, na, katika mstari wa 21, awahi kabla ya majira ya baridi. Imani ya Paulo haikumfanya ajifanye kwamba hasikii baridi wala upweke. Ushauri unaofuata unaanzia katika mistari hiyo kumi.

Wapange kwa ukweli waliokuacha

Mtu mwenye uchungu husema "wote wameniacha". Paulo naye alisema hivyo kuhusu ile siku ya kesi. Lakini alipowataja mmojammoja, hakuwatia wote katika kundi moja. Dema aliondoka kwa kuupenda ulimwengu huu. Kreske alikwenda Galatia na Tito akaenda Dalmatia, bila Paulo kuwatupia lawama yoyote. Tikiko alitumwa Efeso na Paulo mwenyewe. Luka alikuwa bado yuko naye.

Fanya hivyo nawe. Chukua daftari la mtoto, andika majina ya wale unaoona wamekuacha, na mbele ya kila jina andika unachokijua kwa hakika, ukiacha unachodhani. Huyu yuko dago akilinda mpunga dhidi ya ndege na nguruwe, na huko hakuna mtandao. Huyu ana mgonjwa nyumbani. Huyu anakudai, au wewe unamdai, na aibu imemfunga mdomo. Huyu alikuogopa ulipougua kwa sababu hakujua la kusema. Huyu kweli alikutumia, na fedha zilipokwisha akaondoka.

Ukimaliza utaona kwamba akina Dema ni wachache kuliko ulivyofikiri. Hata mmoja anaumiza, wala sikusudii kulipunguza jeraha hilo. Lakini ni vema umlilie aliyekuacha kweli, kuliko kuwapoteza na wengine wanne kwa sababu ya dhana.

Katika daftari hilohilo jiulize pia kama kuna ambaye wewe ndiye uliyemwacha. Hapa nawaomba wasomaji wasijitese bila sababu: mgonjwa hakosi marafiki kwa dhambi yake, na mjane hakuwafukuza wageni. Lakini ukikumbuka jina la mtu uliyemkwepa alipokuwa na shida, huyo ndiye wa kwanza kumwendea.

Mweleze Mungu kama ilivyo

Kitabu cha Ayubu kina sura ambayo mtu wa Tindiga ataielewa haraka kuliko msomi aliyekulia mjini. Katika sura ya 6 Ayubu anawafananisha rafiki zake na kijito kinachofurika wakati wa maji mengi, kisha jua likiwaka kinakauka. Misafara ya wafanyabiashara inakigeukia kwa matumaini, inafika na kukuta mchanga. Ndivyo yalivyo makorongo yanayoshuka kutoka milima ya Rubeho: masika yanabeba magogo na kukata barabara, kiangazi unachimba mchanga kwa mikono upate ndoo moja. Rafiki wa namna hiyo anakuwa na maji wakati ambao wewe huhitaji maji.

Ayubu aliwaambia rafiki zake hayo waziwazi, akamlilia na Mungu vivyo hivyo, na Mungu hakumkemea kwa kulia. Mwishoni mwa kitabu waliokemewa ni rafiki zake waliokuja na maelezo mengi kuhusu kwa nini mwenzao anateseka. Walifanya vizuri siku saba za kwanza, walipoketi naye chini bila kusema neno. Walipofungua midomo, wakaharibu.

Kwa hiyo usisali kwa maneno ya kupendeza ikiwa moyo wako umepasuka. Zaburi ya 55 ni ya mtu aliyesalitiwa na mwenzake wa karibu, waliyekuwa wakienda naye nyumbani kwa Mungu. Zaburi ya 88 inafikia mwisho wake gizani, na rafiki za mwandishi wamewekwa mbali naye. Kanisa halikuziondoa katika Biblia, kwa hiyo hata wewe unaruhusiwa kusali hivyo. Amka kabla ya kwenda shambani, mtaje mtu huyo kwa jina, mwambie Mungu alichofanya na jinsi kinavyokuuma. Usimfiche kwamba umekasirika. Ukikosa maneno, soma Zaburi ya 27 kwa sauti, hasa mstari wa 10, ambamo mwimbaji anamtumaini Mungu hata kama baba na mama wangemwacha.

Utunze mwili

Nabii Eliya alikimbia jangwani, akaketi chini ya mti, akaomba afe, akiamini amebaki peke yake. Katika 1 Wafalme 19 Mungu haanzi kwa kumhubiria. Anamwacha alale, anampa mkate na maji, anamwacha alale tena, anampa tena chakula. Baada ya hapo ndipo wanapozungumza, na Mungu anamweleza kwamba bado wako watu elfu saba asiowajua, kisha anampa Elisha wa kufanya naye kazi.

Aliyeachwa na marafiki mara nyingi huacha kula vizuri, hukesha, hukaa ndani. Baada ya wiki mbili huzuni iliyoletwa na watu inakuwa ugonjwa wa mwili. Funga ina mahali pake katika imani, lakini mtu ambaye hajala kwa majonzi siku nne asijiongezee mfungo. Kwake, kunywa uji ni utii. Lala saa zako. Nenda shambani hata kama ni kwa nusu siku. Paulo aliomba vitabu vyake katika kifungo cha mwisho, kwa sababu bado alikuwa na kazi ya kufanya.

Na ikiwa mawazo ya kujiua yanakujia, au unasikia huwezi kuamka kabisa kwa majuma, usingoje Jumapili. Mwambie mtu mmoja leo, hata kama si rafiki, na uende naye zahanati. Kuna Hospitali ya Mtakatifu Kizito pale Mikumi, na kuna hospitali ya wilaya Kilosa. Sonona ni ugonjwa unaotibika. Kwenda kwa daktari hakumpunguzii Mungu heshima. Ndiye aliyempa Eliya chakula kabla ya neno.

Omba kitu mahususi kwa mtu mahususi

Watu wengi wa imani huona haya kuomba. Husema "mimi ninamtegemea Mungu", wakiwa na maana kwamba hawatamwambia mtu shida yao. Yesu mwenyewe Gethsemane aliwaomba watatu wakeshe naye. Walilala. Hakuacha kuwaomba kwa sababu ana Baba, na hakumwacha Baba kwa sababu wao wamelala.

Angalia namna Paulo alivyoomba: joho, vitabu, Marko, kabla ya baridi. Mtu mmoja, vitu vinavyojulikana, muda unaojulikana. Ombi la namna hiyo mtu anaweza kulitimiza. Ukimwambia jirani "nina shida, mniangalie jamani", atasema pole na hatajua aanzie wapi. Ukimwambia "mama Neema, naomba unisaidie kupalilia Alhamisi asubuhi, mgongo haunyooki", atakuja, au atasema hawezi, na wewe utajua. Ukimwomba mchungaji au katekista, mwambie hivi: "Naomba Jumatano uje usali na mimi nyumbani, niko peke yangu." Kama unadaiwa, nenda na karatasi ya deni mkononi, na uwaombe wenzako wa VICOBA wakusaidie kupanga marejesho, kabla hujachukua mkopo wa pili kulipa wa kwanza.

Usimwombe mmoja mambo yote. Rafiki mmoja anaweza kukopesha jembe lakini hawezi kusikiliza machozi. Mwingine hana shilingi, ila atakaa nawe jioni nzima. Tatizo kubwa la urafiki ni kumtaka mwenzako mmoja awe yote, kisha kumhesabu msaliti anaposhindwa.

Mambo manne ya kuepuka

La kwanza ni vijembe. Ukiweka maneno ya mafumbo kwenye status ya WhatsApp, watu hamsini watajiuliza kama ni wao, na yule mmoja uliyemkusudia huenda asisome. Ukiwa na neno na mtu, Mathayo 18:15 imetoa utaratibu: nenda kwake mkiwa wawili. Asiposikia, chukua mashahidi. Wakristo wa Uamsho ulioenea Afrika Mashariki kutoka Rwanda na Uganda katika miaka ya 1930 walijifunza jambo hili kwa gharama: kosa kati ya ndugu lilitajwa mbele ya ndugu, likatubiwa, likaisha.

La pili ni kumtafuta mchawi. Mtu akiachwa na marafiki wawili na kuugua mfululizo, kuna atakayemnong'oneza kwamba amefungwa, na kwamba jirani fulani ndiye. Maneno hayo yameua wazee katika nchi hii. Mkristo asiyapokee na asiyapitishe.

La tatu ni kununua faraja. Ukiambiwa marafiki watarudi ukitoa sadaka maalumu, au ukipakwa mafuta yanayouzwa, ondoka. Eliya hakulipia mkate ule.

La nne ni kurudi ulikotoka kwa sababu ya upweke. Kijana aliyeacha pombe atatamani kilabu, si kwa kiu ya pombe bali kwa kiu ya watu. Huyo apewe kazi kanisani wiki hiyohiyo: kwaya, usafi, kupiga ngoma, chochote kitakachomkutanisha na watu saa zile alizozoea kunywa.

Kusamehe ni jambo moja, kuamini tena ni jingine

Katika mistari ileile kumi, Paulo anawataja watu wawili waliokuwa wamemwumiza, na kila mmoja anamtendea tofauti. Iskanda mfua shaba alimfanyia mabaya mengi. Paulo anamwachia Bwana hukumu yake, na hapohapo anamwonya Timotheo ajihadhari naye. Marko naye aliwahi kumwacha Paulo huko Pamfilia, katika safari ya kwanza, na kwa ajili yake Paulo na Barnaba walitengana kwa ugomvi mkali, kama tunavyosoma katika Matendo 13 na 15. Sasa, baada ya miaka mingi, Paulo anamtaka Marko aje, kwa kuwa anamfaa kwa kazi.

Kwa hiyo msamaha haukulazimishi kumkopesha tena aliyekudhulumu, wala mke aliyepigwa harudishwi kwenye hatari kwa kuambiwa asamehe. Msamaha unakuzuia kulipiza kisasi na kutamani aanguke. Imani kwa mtu hurudi kwa matendo yake, pole kwa pole, na si kila mtu hurudiwa nayo. Lakini mlango wa Marko usiufunge kwa sababu tu ya Iskanda.

Historia ya nchi zetu ina mfano wa jambo hili. Mwaka 1866 mmisionari na msafiri David Livingstone aliachwa na kundi la watu wa visiwa vya Komoro, waliorudi Zanzibar wakidai kwamba ameuawa. Mwaka 1868, alipotaka kwenda ziwa Bangweulu, wengi wa wafuasi wake waliobaki walikataa kwenda naye. Miongoni mwao walikuwamo Susi na Chuma. Akaenda na watu wachache mno. Aliporudi aliwapokea tena wote, na katika shajara yake akaandika kwamba hata yeye ana kasoro zake.

Tarehe 1 Mei 1873 Livingstone alifariki kijijini kwa Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia. Waliouhifadhi mwili wake, wakaukausha, wakaubeba kwa miezi mingi katikati ya njaa na hatari mpaka Bagamoyo, walikofika Februari 1874, waliongozwa na Susi na Chuma walewale. Katika msafara huo alikuwamo Jacob Wainwright, aliyesoma katika shule ya wamisionari huko India. Misafara ya zama hizo kati ya bara na pwani ilipita nchi ya Usagara, na bonde la Mkondoa, hapohapo Kilosa, lilikuwa mojawapo ya njia zake. Livingstone asingewapokea tena mwaka 1868, hatujui nani angembeba mwaka 1873.

Kwa wengine msamaha huja kwa shida kubwa. Askofu Festo Kivengere wa Uganda, ambaye katika ujana wake alifundisha shule huko Dodoma, alilazimika kuikimbia nchi yake mwaka 1977, baada ya Askofu Mkuu Janani Luwum kuuawa chini ya utawala wa Idi Amin. Alieleza wazi kwamba chuki ilikuwa inamtafuna rohoni, mpaka Ijumaa Kuu ya mwaka huo, akiwa katika ibada London, alipotafakari Kristo akiwaombea waliomsulubisha. Ndipo akamsamehe Amin, na akaandika kitabu kuhusu jambo hilo. Ikiwa askofu alihitaji kupigana na moyo wake namna hiyo, nawe usijihukumu kwa sababu hujasamehe ndani ya wiki moja. Endelea kumtaja mtu huyo katika sala. Kitabu cha Ayubu kinasema hali yake ilibadilishwa alipowaombea rafiki zake, walewale waliomchosha kwa maneno.

Haki yako idai

Imani haimfanyi mtu kuwa kimya mbele ya dhuluma. Paulo alipoona hatapata haki, alikata rufani kwa Kaisari; soma Matendo 25. Mjane ambaye ndugu za mume wamemtenga ili wachukue shamba, asiambiwe avumilie tu. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa mwanamke haki ya ardhi sawa na mwanamume. Aende ofisi ya kijiji na shahidi, apeleke maombi kwa maandishi, abaki na nakala. Mkulima na mfugaji waliovunja urafiki kwa sababu ya mazao yaliyoliwa wapeleke hasara yao kwenye usuluhishi wa kijiji au kata ingali mapema, hasara ikiwa bado inaonekana shambani na inaweza kupimwa. Kilosa imekwisha kuona damu ikimwagika kati ya wakulima na wafugaji. Malipo ya magunia matatu yaliyokubaliwa mbele ya viongozi ni njia ya kumtii Mungu, kwa sababu yanazuia mtu kushika panga.

Neno kwa waumini wenzangu

Mwishoni mwa Desemba 2009 na Januari 2010 mto Mkondoa ulivunja kingo, maji yakaingia mji wa Kilosa, reli ya kati ikakatika kuelekea Gulwe, na maelfu ya watu wakahamia kwenye mahema. Msaada ulitoka pande nyingi. Maafa yakimpata kila mtu kwa siku moja, ujirani huamka wenyewe. Kazi ngumu ni mtu mmoja anapopatwa na maafa yake peke yake, bila gari la msaada na bila tangazo la redio: aliyefukuzwa kazi, aliyeachwa na mume, aliyegundulika na maradhi. Hapo ndipo kanisa linapojulikana.

Maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki, kupitia umoja wao wa AMECEA, waliziweka jumuiya ndogondogo kuwa nguzo ya uchungaji katika miaka ya 1970, ili kila mwamini awe na majirani wanaomjua kwa jina. Madhehebu mengine yana vikundi vya nyumba kwa nyumba. Chombo kipo. Tatizo ni kwamba katika jumuiya nyingi mkutano umekuwa rozari, michango na matangazo, kisha watu kutawanyika. Nashauri kila jumuiya iulize swali moja kabla ya sala ya kufunga: nani hatujamwona wiki tatu, na nani kati yetu anakwenda kwake kesho? Jina liandikwe, na wiki ijayo aliyekwenda aulizwe.

Anayekwenda asiende na hotuba. Awe na kibaba cha unga kama anacho, aketi, asikilize. Asiseme "Mungu ana makusudi" mbele ya mtu anayelia. Akiondoka aseme siku atakayorudi, na arudi siku hiyo. Katika sura ya kwanza ya waraka uleule kwa Timotheo yuko mtu anayeitwa Onesiforo, aliyefika Roma akamtafuta Paulo kwa bidii mpaka akampata, wala hakuonea haya minyororo yake. Biblia haituachii hotuba hata moja ya Onesiforo. Inatuachia jambo moja: alimtafuta.

Ndugu yangu uliyeachwa, Bwana aliyesimama na Paulo mahakamani amesimama nawe, hata kama leo husikii chochote. Kwa nguvu hiyo kula, fanya kazi, omba unachohitaji, na usimfungie mlango Marko wako. Na wewe ambaye simu yako ina ujumbe wa rafiki uliousoma ukanyamaza: mpigie leo. Ukikuta hapokei, nenda kwake.